Kubadilisha ekzosi ya gari la turbo nyumbani Mombasa: kazi huanza siku tatu kabla

Nati ya turbo iliyoliwa na kutu ina lugha yake. Ukiivuta kwa spana, kwanza hulia kama bawaba kavu ya mlango. Huo ni mlio mzuri, maana yake kutu inaachia. Lakini ikianza kuzunguka laini, kimya, kama iliyopakwa siagi, simama hapo hapo. Hiyo haifunguki. Chuma kinajinyonga, na robo mzunguko ukiongeza, nati itabaki ndani ya soketi yako na nusu ya skurubu itabaki ndani ya turbo.

Mwongozo huu nauandikia watu wa Mombasa, kwa sababu mingi niliyowahi kuisoma iliandikwa na watu ambao magari yao hayajawahi kuonja upepo wa bahari. Kwao ni kufungua, kushusha, kupandisha na kufunga, jioni umemaliza. Kwetu gari lililolala Nyali, Kizingo au Likoni miaka mitano limekula chumvi usiku na mchana. Kusi ikivuma, pitisha kidole kwenye kioo cha mbele asubuhi, utaikuta. Chumvi hiyo hiyo iko chini ya gari, na ekzosi inapata adhabu mara mbili: mchana joto linaunguza kila rangi ya kinga, usiku chuma kikipoa kinapokea unyevu wenye chumvi. Ndani nako hakuna usalama. Petroli lita moja ikiungua hutoa maji karibu lita moja, na kwenye safari fupi za Tudor hadi Makupa ekzosi haipati joto la kutosha kuyakausha yote. Yanatuama kwenye sailensa na kuila kutoka tumboni.

Mara ya kwanza kazi hii sikuifanya mimi. Nilipeleka gari gereji, stadi moja (skurubu isiyo na kichwa) kati ya tano zinazoshika paipu kwenye turbo ikakatika, hawakuniambia. Walipaka silikoni, wakafunga, wakanirudishia ufunguo. Wiki tatu gari likawa linatoa "fsss" kila nikikanyaga mafuta, na mke wangu akawa analalamika kuumwa kichwa kila tukitoka Bamburi kurudi nyumbani. Moshi ulikuwa unavuja karibu na ukuta wa injini na kuingia ndani kupitia matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na watoto walikuwa wamekaa kiti cha nyuma. Tangu siku hiyo kazi ya ekzosi ya gari langu naifanya mwenyewe, na naifanya polepole.

Mfano wangu ni Subaru Forester ya turbo, ile SG5 yenye injini ya EJ20, kwa sababu ndiyo ninayoifahamu na imejaa mitaani kwetu. Kama gari lako ni jingine, mpangilio wa paipu utatofautiana, lakini mwendo wa kazi ni ule ule.

Jua unachokibadilisha

Kwenye Forester hii moshi hutoka kwenye manifoldi, mikono ya paipu inayoukusanya chini ya injini, ukapanda kwa paipu fupi hadi kwenye turbo iliyoko nyuma ya injini upande wa kulia, upande wa dereva. Hapo unazungusha tabini, gurudumu la mapanga lililo ndani ya turbo. Kisha unashuka kwa daunipaipu, ambamo kwa kawaida mna kataliti (kopo la kusafishia moshi), unapita paipu ya kati, unaishia kwenye sailensa ya nyuma. Mwongozo huu unahusu kila kilicho baada ya turbo. Manifoldi na paipu ya kupanda ni kazi nyingine.

Gari lisilo na turbo huvumilia ekzosi iliyofungwa ovyo. La turbo halivumilii. Chuma cha pale kwenye tabini hufika nyuzi joto 800 na zaidi gari likivutwa sana, na kila gasketi ya karatasi au silikoni utakayoweka pale itageuka majivu. Halafu kuna sensa ya oksijeni. Uvujaji ulio kabla ya sensa huvuta hewa ya nje ndani ya paipu. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli ni kidogo, inaongeza. Gari linaanza kunywa mafuta na wewe unalaumu plagi.

Kuhusu upana: paipu za kiwandani mara nyingi ni nyembamba, na baada ya turbo paipu pana husaidia kweli, kwa sababu tabini inasukuma moshi mahali penye presha ndogo. Kutoka milimita 63 hadi 76, nafasi ya kupitia inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Lakini sikiliza vizuri. Ukifungua njia kiasi hicho bila kurekebisha programu ya injini, westigeti, kile kijilango kinachopitisha moshi pembeni ya tabini, inaweza kushindwa kupunguza moshi unaokwenda kwenye tabini, presha ya turbo ikapanda kupita kiwango. Kompyuta ikiona hivyo inakata petroli ghafla, na utahisi kama umegonga kitu. Ikitokea mara chache, ni kinga inafanya kazi yake. Ukiizoea, unaua injini. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, ushauri wangu ni kurudisha saizi ya kiwandani, au kubadilisha kuanzia paipu ya kati kwenda nyuma tu.

Kataliti iache mahali pake kama ni nzima. Najua kuna wanaoinunua kwa ajili ya platini, paladi na rodi zilizomo, na najua wengi wanakatiwa "isafishwe" halafu wanarudishiwa kopo tupu. Igonge kwa ngumi gari likiwa limepoa. Ikisikika kachakacha, masega yamevunjika ndani na hapo kweli inahitaji mpya. Ukiiondoa kabisa kwenye gari lenye sensa ya pili, taa ya injini itawaka na msimbo P0420, na harufu ya moshi utaisikia wewe mwenyewe kila unaposimama kwenye foleni ya feri.

Na sauti. Ule mngurumo wa Subaru vijana wanaoupenda hautoki kwenye sailensa. Unatoka kwenye manifoldi ambayo mikono yake hailingani urefu. Kung'oa sailensa kunaupandisha sauti tu, na katika vichochoro vya Mji wa Kale kuta zinairudisha mara mbili kwa mgonjwa na mtoto aliyelala. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009 chini ya sheria ya mazingira. Nunua sailensa kamili.

Manunuzi na vifaa

Ekzosi ya chuma cha kawaida ni rahisi na hapa kwetu haidumu. Stenlesi ya daraja la 304 ni ghali na hustahimili chumvi. Ya 409 iko katikati, hupata kutu ya juu juu lakini haitoboki haraka. Ukinunua ekzosi iliyotumika kutoka Japani, ipige mwanga ndani kwa tochi, bonyeza mishono ya sailensa kwa bisibisi, na itikise. Maji yakichuruzika pamoja na unga mwekundu, mrudishie mwenyewe.

Jambo moja nalikataa moja kwa moja: paipu ya maji ya mabati. Fundi atakwambia ni nzito na itadumu. Zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka kwenye nyuzi 420, na ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomlaza mtu na homa usiku huo. Si chuma cha ekzosi.

Nunua gasketi zote mpya, za chuma cha tabaka, pamoja na gasketi ya mviringo ya kiungo cha nyuma. Nunua nati na stadi mpya za turbo, bolti mpya zenye springi, na raba mpya za kuning'inizia. Stadi, kwa asiyezijua, ni zile skurubu zisizo na kichwa, zilizopandwa kwenye chuma cha turbo na kukazwa kwa nati. Usifunge nati ya stenlesi kavu juu ya stadi ya stenlesi, hushikana kama zilizochomelewa.

Vifaa: soketi namba 10, 12, 14 na 17 za pembe sita. Za pembe kumi na mbili hula vichwa vya nati zenye kutu. Ekstensheni ndefu, jointi ya kupinda, spana ya namba 14 yenye shingo fupi, soketi ya sensa namba 22 yenye mpasuo wa kupitisha waya. Tokirenchi, spana inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm, azima kama huna. Jeki ya magurudumu, stendi nne, miwani ya kuzuia vumbi (kutu itakuangukia machoni, hilo halina shaka), glavu, brashi ya waya, grisi ya shaba, na mafuta ya kupenya chupa mbili.

Siku tatu za mafuta

Kama kazi utaifanya Jumamosi, Jumatano jioni lala chini ya gari na tochi. Safisha kila nati na kila uzi unaoonekana kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Kutu iliyobaki juu inanywa mafuta yote na hayafiki ndani. Kisha nyunyizia mafuta ya kupenya: nati tano za turbo, bolti ya mkono unaoshika paipu kwenye giaboksi, bolti za viungo vya kati na nyuma, shingo ya sensa. Rudia Alhamisi asubuhi na jioni, na Ijumaa vivyo hivyo.

Kati ya hapo endesha gari kama kawaida. Joto linapanua chuma, kikipoa kinavuta mafuta ndani ya uzi. Ila usinyunyizie ekzosi ikiwa ya moto, mafuta hayo hushika moto. Kama huna chupa ya dukani, nusu asetoni na nusu mafuta ya giaboksi ya otomatiki hufanya kazi nzuri sana. Tikisa kila unapotumia maana hujitenga, na uweke mbali na jiko na sigara.

Hatua hii watu wanairuka kwa kuona hakuna kinachofanyika. Kwangu mimi ndiyo nusu ya kazi.

Kuinua gari

Mitaa yetu mingi uani ni mchanga au kokoto. Stendi juu ya mchanga inazama upande mmoja, na gari linafuata. Tafuta sakafu ya zege, au tandika mbao nene na pana chini ya kila stendi, kisha utikise gari kwa nguvu zako zote kabla ya kuingia chini. Likisogea, shusha upange upya.

Na tafadhali sana, usiegemeze gari juu ya mawe ya kujengea. Jiwe la matumbawe linaonekana gumu, linabeba nyumba, lakini hubeba nyumba kwa kusambaza uzito. Ncha ya chuma ikilikandamiza mahali pamoja hupasuka bila onyo. Tofali la zege ni hivyo hivyo. Forester ina uzito wa karibu kilo 1,400. Jeki ni ya kuinulia tu, stendi ndizo za kukaa chini yake, na gurudumu la akiba lisukume chini ya ubavu wa gari kama bima ya mwisho.

Anza alfajiri, baada ya gari kulala usiku kucha. Saa kumi na mbili hewa bado ni baridi na turbo imepoa hadi ndani. Ikifika saa tano jua limekufikia hata chini ya gari. Toa waya hasi wa betri.

Kufungua

Utaona wengi wanaanza nyuma kwenye sailensa kwa kuwa ni rahisi. Mimi naanza na nati za turbo, na sababu ni hii: zikikataa kabisa, gari bado lina ekzosi yake na unaweza kuliendesha hadi kwa fundi mwenye mtungi wa gesi. Ukishashusha kila kitu halafu zikakataa, umekwama uani na gari la kelele lisilosogea.

Kwanza toa intakula, kipoza hewa ya turbo kilicho juu ya injini: vibano vya mipira, vali ya kupunguzia presha iliyounganishwa nayo, na bolti zake mbili. Papo hapo ziba mdomo wa turbo na mdomo wa throtu kwa matambara safi. Nati moja ya namba 10 ikidondokea humo ukaiacha, utaua turbo siku utakapowasha. Kisha fungua kinga ya joto inayofunika turbo. Bolti zake ndogo mara nyingi hukatika, na hiyo si balaa, zitapata badala. Kinga yenyewe usiitupe. Bila hiyo joto linapika nyaya na mipira ya jirani.

Sasa zile tano. Baadhi utazifikia kutoka juu, baadhi kutoka chini kwa ekstensheni ndefu. Soketi ikae mpaka mwisho, ipigie nyundo kidogo ikae sawa. Kabla ya kufungua, kaza kidogo, kiasi cha kuvunja kutu tu. Kisha fungua robo, rudisha nusu yake, nyunyizia mafuta, subiri dakika, fungua tena robo.

Mwaka jana nilikuwa na mtoto wa kaka yangu, ana miaka kumi na tisa na mikono yenye haraka. Nati tatu zilitoka zinalia. Ya nne akaniambia kutoka chini ya gari, "Ami, hii sasa yaja laini."

"Toa mkono."

"Lakini inazunguka."

"Ndiyo maana. Toa mkono."

Tulirudisha nyuma tulikotoka, tukanyunyizia, tukaenda kunywa chai na mahamri. Baada ya saa nzima tukaipasha kwa mwali mdogo wa gesi, nati tu, huku mipira na nyaya zikiwa zimekingwa kwa bati. Ilipopoa kiasi tukagusisha mafuta kwenye uzi, tukaanza upya: mbele robo, nyuma kidogo. Ilichukua dakika arobaini kwa nati moja. Ilitoka nzima, na yeye mwenyewe aliisafisha akaiweka mfukoni.

Nati ikitoka pamoja na stadi yake, usihuzunike, unayo mpya. Ikikatika na kipande kikabaki nje, fundi wa kuchomelea anaweza kubandika nati mpya juu ya kipande hicho. Joto lenyewe hulegeza, na kikipoa kidogo hufunguka. Ikikatika sawasawa na uso wa chuma, usichukue drili ukabahatisha umelala chali. Shusha turbo uipeleke kwa mwenye mashine ya kutobolea iliyosimama. Nyumba ya tabini ni chuma cha kusubu, tundu likienda kombo limeenda.

Baada ya hapo ni mteremko. Chomoa waya wa sensa kabla ya kuifungua ili usiusokote. Nenda nyuma, fungua bolti za springi, paka raba maji ya sabuni na uzivute kwa koleo, shusha sailensa, kisha paipu ya kati. Mwisho daunipaipu: bolti ya kwenye giaboksi, halafu nati tano ambazo tayari ziko huru, huku mwenzako ameishika kutoka chini. Ni nzito kuliko inavyoonekana.

Turbo ikiwa wazi mbele yako

Usiwe na haraka hapa, maana ni nadra kuiona tabini ana kwa ana. Mulika tochi. Mapanga yawe kamili, bila ncha zilizolika au kuvunjika. Izungushe kwa kidole: inatakiwa izunguke kimya bila kugusa ukuta. Isukume ubavuni, mchezo kidogo sana ni kawaida, maana ekseli yake huelea juu ya mafuta injini ikiwaka. Ivute ndani na nje kwa urefu wa ekseli: hapo usihisi kitu. Ukiona mafuta mabichi yameloa, sili za kuzuia mafuta ndani ya turbo zimechoka, na ekzosi mpya haitatibu moshi wa buluu.

Tazama pia kijitundu cha westigeti na kifuniko chake. Nyufa nyembamba kama unywele kati ya tundu hilo na tabini huonekana sana kwenye turbo zilizofanya kazi, na mara nyingi gari huendelea. Ufa unaoingia kucha ni habari nyingine.

Sasa laza ekzosi ya zamani na mpya sambamba chini. Flenji, zile midomo bapa ya kuungia paipu, zikae mahali pale pale, tundu la sensa upande ule ule, vishikio vya raba sawa. Dakika kumi hizi zimeniokoa mara mbili kurudisha mali dukani ikiwa bado safi. Halafu pandisha daunipaipu mpya kavu, bila kukaza, na usukume mkono wa westigeti: kifuniko kifunguke chote bila kugonga ukuta wa paipu wala ubao wa kati kama upo. Kikigonga, presha haitadhibitiwa kabisa.

Kufunga

Safisha uso wa flenji ya turbo kwa brashi mpaka gasketi ya zamani iishe yote. Weka gasketi mpya na uangalie imekaa upande wake. Ikigeuzwa huziba sehemu ya tundu la westigeti. Paka grisi ya shaba kwenye uzi wa stadi, si kwenye gasketi. Kwenye sensa paka uzi tu, na isifike ncha. Silikoni usiitumie popote: mvuke wake huiharibu sensa.

Funga kutoka mbele kwenda nyuma, kila kitu kwa vidole kwanza. Daunipaipu, mkono wa giaboksi, paipu ya kati, sailensa, raba. Hakuna kinachokazwa mpaka vyote vimening'inia. Ukikaza daunipaipu mapema, mwisho wa nyuma utakuja sentimita tatu pembeni, na utalazimisha, na chuma kilicholazimishwa hupasuka kwenye mshono baada ya miezi.

Vikishakaa sawa, tembea na vidole viwili kuanzia mbele hadi nyuma. Kati ya ekzosi na sakafu, tangi la petroli, mirija ya breki na shafti, vidole viwili vipite. Mita moja ya stenlesi ya 304 ikipanda nyuzi 500 hurefuka milimita 8 hadi 9, kwa hiyo kilichokaribiana asubuhi kitagusana jioni. Kisha kaza kutoka turbo kuja nyuma. Zile tano kaza kwa kupishana, kidogo kidogo, hadi karibu Nm 35 kwa Subaru hii. Gari jingine fuata kitabu chake. Bolti za springi zikae mpaka zigote kwenye bega lake, springi ibaki na mchezo.

Kama kuna kipande lazima kichomelewe, funga mahali pake, fundi ashike kwa vidoti viwili vitatu, kisha kishushwe na kuchomelewa chote nje, mbali na tangi. Waya wa betri uwe umetolewa na kibano cha ardhi cha mashine kishikwe kwenye paipu yenyewe, karibu na mshono, la sivyo umeme utatafuta njia kupitia kompyuta. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Na chuma kilichosafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini kisiguswe na moto: hutoa gesi ya sumu ya fosjini.

Kuwasha

Rudisha intakula, toa matambara (yahesabu), rudisha sensa na betri. Gari liwe uwanjani, si kwenye banda. Kabla ya kuwasha, puliza hewa kwenye mdomo wa nyuma kwa mashine ya kufyonzea vumbi iliyogeuzwa kuwa ya kupuliza, na umwagie viungo maji ya sabuni. Povu litakuonyesha kila uvujaji bila joto wala moshi.

Washa, liache lingurume peke yake dakika kumi. Moshi mwembamba utatoka kwenye paipu mpya, hayo ni mafuta ya kiwandani na alama za vidole vyako yakiungua. Ukiendelea baada ya dakika ishirini au ukitoka kwenye kiungo kimoja tu, zima uangalie. Taa ya injini ikiwaka na msimbo P0031, inahusu hita ya sensa ya mbele. Kagua plagi ya waya wake kwanza kabla ya kununua sensa.

Safari ya kwanza usilivute. Nenda polepole, dirisha wazi, sikiliza. Gari likipoa kabisa, kaza nati zote upya, na rudia baada ya kilomita 100. Gasketi mpya hulala kidogo ikipata joto, na nati iliyokuwa na Nm 35 huenda sasa haina.

Ukivuka Likoni kila siku au umepita maji ya barabarani yaliyochanganyika na bahari, suuza chini ya gari kwa maji baridi ya bomba kila wiki, ekzosi ikiwa imepoa. Na kila badiliko la oili, gari likiwa tayari limeinuliwa na limepoa, nyunyizia zile nati tano mafuta ya kupenya.